Askari na Hesabu za Nyumba Yake

Hakuna mtu katika nchi yetu ya Uganda anayefundishwa utaratibu kama askari. Tangu siku za kwanza za mafunzo anaonyeshwa namna ya kukunja blanketi, kupanga vyombo vyake juu ya kitanda ili vikaguliwe, kuhesabu risasi alizopewa, na kutia sahihi kwa kila anachopokea na kila anachorudisha. Risasi moja ikipotea kambi nzima hailali. Lakini askari huyo huyo, ambaye hata gizani anaweza kunyoosha mkono na kushika kitu anachokitaka katika begi lake, ukimuuliza ana deni la shilingi ngapi, analidaiwa na nani na litakwisha mwezi gani, anaanza kukuna kichwa.

Hatusemi hivi kwa kumdhihaki. Mwalimu wa shule, mwuguzi na karani wa wilaya nao wana droo zilizojaa karatasi wasizozijua. Tofauti ni kwamba mwalimu hulala nyumbani kwake, na kama hakuona risiti leo ataitafuta kesho. Askari hupata amri jioni, na alfajiri yumo ndani ya lori kuelekea Karamoja, au anasubiri ndege ya kwenda Mogadishu. Polisi aliyezoea kambi ya Nsambya anaambiwa aripoti Arua au Kisoro kabla ya mwisho wa juma. Basi nyumbani huacha nini? Mara nyingi huacha kadi ya benki ambayo namba yake ya siri anaijua yeye peke yake, hati ya mauziano ya kibanja iliyowekwa chini ya godoro, kitabu cha SACCO alichomwachia rafiki, laini tatu za simu, na jina lake katika daftari la madeni la kantini. Mama watoto anaachiwa ahadi kwamba fedha zitatumwa.

Hayo yote huvumilika maadamu mwenyewe yu hai na simu yake inapatikana. Hatuna budi kusema wazi kuhusu siku ile ambayo haipatikani tena.

Askari anapofariki, mjane wake huanza safari nyingine kabisa. Atatafuta hati ya kifo kwa Mamlaka ya Vitambulisho na Usajili, yaani NIRA. Atatafuta barua ya mwenyekiti wa LC1. Ataandika kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi ili apewe cheti cha kwamba hakuna pingamizi, kisha aende mahakamani kuomba barua za usimamizi, na huku anatakiwa pia kufuatilia mafao makao makuu. Kila meza anayofika huulizwa karatasi, na karatasi ziko wapi? Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa marehemu ambaye hakuacha wasia mali yake hugawiwa hivi: watoto asilimia 75, mjane au mgane asilimia 20, jamaa waliokuwa wakimtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba ya ndoa nayo imewekewa ulinzi wake. Ni sheria yenye nia njema. Lakini hakuna hakimu anayeweza kugawa asilimia 20 ya akaunti ambayo hakuna mtu ajuaye kwamba ipo, wala kulinda kiwanja ambacho hati yake imo mikononi mwa yule yule aliyekiuza.

Kuna karatasi moja ambayo tungependa kila askari anayesoma ukurasa huu aifikirie leo. Ni ile fomu aliyoijaza siku ya kuandikishwa, akitaja ndugu yake wa karibu. Wengi wakati huo walikuwa vijana wasio na mke, wakaandika jina la mama, au la kaka aliyewalipia karo. Miaka 15 imepita. Mama pengine ameshatangulia mbele ya haki, kaka amehamia mbali, na askari ana mke na watoto wanne. Fomu imebaki vile vile. Ofisi haiwezi kuota ndoto kwamba mambo yamebadilika. Huifuata karatasi iliyomo ndani ya faili. Hali ni hiyo hiyo katika SACCO, kwani mwanachama huandika jina la mtu atakayepokea hisa na akiba zake akifa, na jina hilo hukaa pale mpaka yeye mwenyewe aende kulibadilisha.

Tunajua pia kwamba wapo wasiobadilisha kwa makusudi. Kuna nyumba ya pili karibu na kambi ya zamani, kuna mtoto ambaye bibi wa nyumba kubwa hajaambiwa, na mwenye mambo hayo huona afadhali karatasi zinyamaze. Sisi si wachungaji wala masheikh wa kumhukumu. Tunachosema ni kwamba karatasi zikinyamaza leo, watu watapiga kelele kaburini, na atakayeumia kuliko wote ni yule mtoto asiyetajwa popote. Aandikwe. Hati yake ya kuzaliwa ichukuliwe NIRA wakati baba yupo wa kuthibitisha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo si ngumu kama watu wanavyodhani. Inahitaji siku moja ya mapumziko, sakafu iliyofagiwa, na subira. Toa kila karatasi iliyomo ndani ya nyumba: za kwenye begi, za juu ya kabati, za mfuko wa koti la sherehe, hata zile zilizofungwa kwa mpira na kutupwa ndani ya debe la unga. Wanaokaa katika zile nyumba ndogo za mabati watasema hawana nafasi ya kutandaza karatasi; hao nao wana bahati kwamba karatasi zao haziwezi kuwa zimejificha mbali. Utashangaa kuona jinsi rundo kubwa linavyopungua. Risiti za dawa za mwaka juzi, karatasi za mashine ya benki ambazo wino wake umefutika, barua za mialiko ya harusi ambazo ndoa zake zimekwisha kuvunjika: hizo zichomwe. Zile ambazo zina jina lako kamili, namba yako ya jeshi au ya polisi, au namba ya akaunti, zisitupwe jalalani zikiwa nzima, kwani matapeli hawachagui.

Zinazobaki ni chache. Hati za kuzaliwa na ya ndoa, vitambulisho vya taifa, barua ya kuajiriwa na barua za kupandishwa cheo, hati za ardhi au mauziano pamoja na majina ya mashahidi na ya mwenyekiti aliyegonga muhuri, mikataba ya mikopo, kadi za SACCO, risiti za karo za muhula huu, na hati za mshahara. Barua za cheo zina thamani kuliko wengi wanavyofikiri. Pensheni na kiinua mgongo hukokotolewa kwa miaka ya utumishi na mshahara, na askari asiyeweza kuonyesha lini aliingia na lini alipanda cheo hujikuta akibishana na faili wakati ambapo nguvu za kubishana zimepungua. Tukumbuke kwamba askari hana akaunti katika mfuko wa NSSF kama mfanyakazi wa kiwanda. Malipo yake ya uzee hutoka Hazina ya Serikali, na ushahidi wake ni karatasi.

Baada ya karatasi hufuata akaunti. Si ajabu kumkuta sajenti mmoja ana akaunti nne: moja aliyofungua mshahara ulipoanza kupitia benki, ya pili alipohamishiwa magharibi, ya tatu kwa ajili ya mkopo uliokwisha lipwa, na ya nne hakumbuki kwa nini. Kila moja hukatwa ada, au imelala. Sheria ya Mabenki ya mwaka 2004 ina utaratibu wa fedha zilizolala muda mrefu bila mwenyewe kuonekana, na mwisho wa utaratibu huo ni Benki Kuu. Kwa fedha za simu muda ni mfupi zaidi, kwani Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 huihesabu akaunti kuwa imelala baada ya miezi 9 mfululizo bila muamala wowote. Hebu askari aliye nje ya nchi kwa mwaka mzima apime mwenyewe. Laini aliyoiacha ndani ya sanduku ikiwa na shilingi 300,000 inaweza kulala kabla yeye hajarudi. Afadhali fedha hizo azihamishe kabla ya safari, na laini asizozitumia azifunge. Akaunti mbili zinamtosha mtu wa mshahara mmoja: ya kupokelea na ya kuwekea.

Kuhusu madeni tutakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za askari zinapovuja.

Hati ya mshahara isomwe. Si ule mstari wa mwisho tu unaoonyesha kiasi kitakachofika benki, bali ule upande wa makato, mstari kwa mstari. Kila kato liwe na jina la aliyelisababisha, tarehe lilipoanza na mwezi litakapokoma. Tumesikia malalamiko ya watu waliokatwa baada ya deni kwisha, na waligundua kwa bahati tu. Asiyejua mwezi wa mwisho wa deni lake hawezi kujua kama anaibiwa. Madeni yaandikwe katika daftari moja la shule, la benki, la SACCO, la simu, la kantini, hata la yule koplo mwenzako aliyekukopesha nauli ya msiba. Deni la rafiki lisipoandikwa huwa dogo kwa mdaiwa na kubwa kwa mdai.

Halafu kuna mkopeshaji wa pembeni, yule anayekaa karibu na geti la kambi na anayejua tarehe ya mshahara kuliko mhasibu wa kikosi. Huyu haulizi dhamana ya nyumba. Huomba kadi ya ATM na namba yake ya siri, pengine na kitambulisho juu yake. Siku ya mshahara yeye ndiye wa kwanza mbele ya mashine ya benki, na askari hupewa masalia. Sheria haimruhusu. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, pamoja na kanuni zake, inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na inakataza kushika vitambulisho na kadi za benki kuwa rehani. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza pia ukomo wa riba ya wakopeshaji hao, asilimia 2.8 kwa mwezi. Tufanye hesabu. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, riba ya asilimia 2.8 ni shilingi 14,000 kwa mwezi. Mkopeshaji anayedai asilimia 20 huchukua 100,000 kila mwezi, na baada ya miezi mitano amepokea kiasi chote alichotoa, huku deni lenyewe halijapungua hata senti moja. Ni jambo la kufedhehesha kwamba polisi, ambaye kazi yake ni kumkamata mvunja sheria, humkabidhi mvunja sheria huyo kitambulisho chake mwenyewe. Na ni hatari kwa umma, kwani kitambulisho cha polisi mikononi mwa mtu mwingine kinaweza kufungua milango mingi usiku.

Yako pia madeni ambayo si yako lakini yana sahihi yako. Katika SACCO mwanachama hudhaminiwa na wenzake, na askari hawanyimani sahihi. Aliyekuwa nawe mstarini utamnyima vipi? Desturi hiyo ni nzuri na hatutaki ife. Lakini kila ulipotia sahihi paandikwe katika daftari lile lile. Mwenzako akitoroka kazini au akifukuzwa, watakaotafutwa ni wadhamini. Mke anayeona mshahara umepungua ghafla bila maelezo hufikiri kuna mwanamke mwingine, kumbe ni sahihi ya miaka miwili iliyopita.

Posho za nje ya nchi nazo zina somo lake. Majeshi yetu yaliingia Somalia mwezi Machi 2007, na kwa miaka mingi posho iliyotolewa na wafadhili ilikuwa dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, ambapo serikali za nchi zilizopeleka majeshi zilikata dola zipatazo 200. Zilikuwa fedha za maana, na katika vijiji vingi mtu anaweza kuonyesha nyumba ya matofali iliyojengwa kwazo. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Zaidi ya hayo, kulikuwa na vipindi ambapo posho zilichelewa kwa miezi. Aliyekuwa ameijenga bajeti ya nyumba juu ya mshahara, na posho akaiweka kwa ajili ya ujenzi, alisimamisha ujenzi akangoja. Aliyekuwa amekopa kwa kuitegemea posho, akahamishia watoto shule ya bweni ya bei kubwa na kuahidi mahari, alikopa tena ili alipe mkopo wa kwanza. Posho ina mwanzo na mwisho wake ulioandikwa katika amri ya safari. Karo ya mtoto wa darasa la tatu haina mwisho wa karibu namna hiyo.

Juu ya mahali pa kuweka akiba hatuna mengi. Wanajeshi wana SACCO yao ya Wazalendo, na polisi wana Exodus, na faida ya kukatwa akiba kabla ya mshahara kufika mkononi inajulikana. Ila mwanachama aelewe tofauti moja. Fedha zilizo katika benki ya biashara zina kinga ya Mfuko wa Kulinda Amana, hadi shilingi 10,000,000 kwa kila mwenye akaunti katika benki moja. Kinga hiyo haifiki katika SACCO. Wazee wanaokumbuka mwaka 1999, Greenland na Cooperative zilipofungwa, hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo ni zito. Kwa hiyo mwanachama wa SACCO ahudhurie mkutano mkuu, au amtume mwenzake, na aisome taarifa ya wakaguzi wa hesabu, kwa kuwa kinga yake kubwa ni macho yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kumwonyesha mke daftari lote ni kumpa silaha. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na kwa kawaida husemwa kwa sauti kubwa mbele ya chupa. Tunawauliza hao: nani hukaa na watoto wenye homa wewe ukiwa lindo? Nani humjibu mwenye duka? Mtu unayemwachia watoto wako hushindwaje kuachiwa hesabu zao? Askari wa kike nao, ambao siku hizi ni wengi, wana jambo hilo hilo kwa waume zao au kwa dada na mama wanaowalelea watoto. Namba ya siri ya benki haihitaji kutolewa. Kinachohitajika ni orodha ya ukurasa mmoja, ikitaja benki gani, SACCO gani, kibanja kiko wapi, nani anatudai na nani tunamdai. Nakala moja ikae nyumbani, ya pili kwa mtu mzima anayeaminika na pande zote mbili za ukoo.

Na wasia uandikwe. Wengi huogopa, wakidhani kuandika wasia ni kukiita kifo, ilhali wao wenyewe kila siku huvaa namba shingoni kwa sababu hiyo hiyo. Wasia wa kawaida hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, na shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu ndani yake, kwani atakipoteza. Sheria ya Urithi inamtambua pia askari aliye vitani, ikamruhusu kutoa wasia kwa masharti mepesi zaidi, hata kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya saa ya dharura. Anayeitegemea anatakiwa kuomba kwamba mashahidi wake wawili nao warudi salama.

Mwisho tunazungumza na wakuu wa vikosi na maofisa wa polisi wa mikoa. Kabla ya kikosi kusafiri kuna siku za chanjo, za kugawa sare, za kukagua silaha. Iongezwe asubuhi moja. Karani wa kumbukumbu aje na mafaili, kila askari asomewe jina la ndugu wa karibu lililomo ndani yake, na anayetaka kulibadilisha ajaze fomu pale pale na kupewa nakala yenye muhuri. Mtu wa SACCO akae meza ya pili. Wake na waume wanaoishi kambini waalikwe, wasisimamishwe nje ya geti. Kwa kikosi cha watu 800 kazi hiyo haitamalizika kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo maji ya kunywa na kivuli viandaliwe.